Dirisha likae sawa na kilichomo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa vijana wanaonipigia simu usiku au wanaonikuta barazani hapa Mji Mkongwe na laptopu zao mapajani. Wengi wanatengeneza programu ndogo za kompyuta: fomu ya duka Darajani, daftari la wageni wa nyumba ya kulala Paje, orodha ya wanafunzi wa skuli. Wanatumia maktaba tofauti (msimbo uliokwisha kuandikwa wa kuchorea madirisha), lakini kinachowasumbua ni kilekile: dirisha linafunguka likiwa dogo likakata vitu, au kubwa likabaki na uwanja mtupu katikati. Majina ya amri nimeyaacha kama yalivyo, maana kompyuta haikubali tafsiri.

Kwa nini nisiandike tu 800 kwa 600, nikamaliza?

Kwa sababu namba hiyo umeipima kwenye kioo chako, kwa fonti yako, siku yako moja. Mimi nililipia somo hili nauli ya boti.

Nilimtengenezea mzee mmoja wa Wete, Pemba, mwenye mashamba ya mikarafuu, programu ya kuwaandika wachumaji wake: jina, shehia, pishi alizochuma, malipo kwa pishi, jumla. Chini kabisa, kitufe cha Hifadhi. Niliitengeneza kwa WPF, maktaba ya Microsoft ya madirisha, na kwenye dirisha nikaandika `Height="640"`. Kwangu ilikaa vizuri, hata nikaipiga picha.

Siku ya tatu ya msimu mzee akanipigia. "Mwanangu, hichi kitu chako hakina pa kuhifadhia." Nikamwambia, "Kipo mzee, angalia chini." Akasema ameangalia chini mpaka miguuni pake. Nikaanza kudhani ni macho ya utu uzima. Mjukuu wake akanitumia picha kwa WhatsApp: nusu ya juu ya kitufe, neno Hifadhi limekatwa kiunoni, halafu ukanda wa Windows wenye saa.

Hesabu yake ni hii. Kioo cha laptopu yake kilikuwa 1366 kwa 768, na Windows yake imewekwa kukuza vitu hadi asilimia 125. WPF haihesabu kwa pikseli, yaani nukta za kioo. Kipimo chake kimoja ni sehemu ya 96 ya inchi. Kwa hiyo, kwa ukuzaji wa asilimia 125, 640 zangu ziligeuka pikseli 800 kwake. Kioo kizima kina 768, ukanda wa chini unachukua kama 50, kwa hiyo zimebaki 718. Kitufe changu kiliganda chini ya dirisha, yaani nje ya kioo.

Lililoniuma zaidi ni kwamba fomu yenyewe ilihitaji 520 tu, ambazo kwake ni pikseli 650. Ingekaa, na nafasi ingebaki. Zile 120 za juu yake zilikuwa hewa niliyoiweka kwa kupenda namba nzuri.

Dirisha linajuaje ukubwa wa kilichomo?

Linauliza. Jambo hili ukilishika, mengine yote yatakuwa rahisi, basi tulikalie kidogo.

Chukua fomu ya mzee. Ndani kabisa kuna lebo "Jina la mchumaji". Lebo inajipima kwa fonti yake: maneno haya, kwa fonti hii, yanataka upana kadhaa na urefu kadhaa. Kisanduku cha kuandikia hakijui mtu ataandika nini, kwa hiyo kinataja upana wa herufi ulizokiambia, tuseme 20. Kitufe kinapima neno lake, kinaongeza nafasi pembeni ili lisibane. Kila kimoja kinapeleka ombi lake kwa fremu inayokibeba. Fremu inajumlisha, inaongeza mapengo uliyoyataka, nayo inapeleka ombi lake juu. Mwisho ombi linafika kwa dirisha. Hapo dirisha ndilo linajua: wenyeji wangu wanataka upana huu na urefu huu.

Kisha safari inarudi chini. Dirisha linatoa nafasi, fremu inaigawa, kila wijeti (kitu kimoja ndani ya dirisha: lebo, kisanduku, kitufe) inaambiwa "wewe kaa hapa, kwa ukubwa huu". Maombi yanapanda, nafasi inashuka. Makosa mengi ninayoletewa ni ya mtu aliyeikata safari ya kwanza: ameweka vitu kwa namba za kulia na chini (kwenye Tk ya Python ndiyo `place`, kwenye Swing ya Java ndiyo mpango wa `null`), halafu anashangaa dirisha halijui ukubwa. Hakuna aliyeliomba kitu.

Anayefanya hesabu hizi mimi humwita mpangaji. Najua hapa mjini mpangaji ni mtu anayedaiwa kodi kila mwezi, lakini huyu ndiye anayepanga.

Maktaba yangu ninaiambiaje?

Ukitumia Tkinter ya Python, yaani Tk, huna la kuiambia. Panga vitu kwa `pack` au `grid`, usiguse `geometry`, na dirisha litajikunja kwa kilichomo lenyewe. Ndiyo sababu napenda kuwaanzishia wanaojifunza hapo. Ukiona dirisha la Tk halijali kilichomo, tafuta mahali ulipoandika `geometry("400x300")` au `pack_propagate(False)`. Huwa ndipo.

Qt kila wijeti ina `sizeHint`, yaani ukubwa inaoupendelea, na `minimumSizeHint`, ambao chini yake haitaki kwenda. Dirisha lenye mpango (layout) likifunguliwa bila kupewa ukubwa linafuata `sizeHint`. Ukitaka lijipime tena baadaye, ita `adjustSize()`. Ina mpaka mmoja watu wasioujua: dirisha kuu halitavuka theluthi mbili za kioo, kwa upana wala kwa urefu. Basi usilaumu Qt fomu yako ndefu ikifunguka imebanwa.

Kwa WPF ni `SizeToContent="WidthAndHeight"`, au `Height` peke yake ukitaka upana uushike mwenyewe. Bila ya kuandika, thamani yake ni `Manual`. WinForms inataka mambo mawili: `AutoSize` iwe kweli, na `AutoSizeMode` iwe `GrowAndShrink`, kwa sababu thamani ya kawaida ni `GrowOnly`, inayopanuka bila ya kurudi. Na vitu viwe ndani ya `TableLayoutPanel` au `FlowLayoutPanel`, siyo kumwagwa tu kwenye fomu.

Java Swing ni neno moja: `pack()`. Liite baada ya kuongeza vitu vyote, kabla ya `setVisible(true)`. Ukilisahau na hukutoa ukubwa, utaona ukanda wa jina tu juu ya kioo, umesinyaa kama dagaa aliyeanikwa. JavaFX mwenzake ni `sizeToScene()`.

GTK inauliza kila wijeti mambo mawili, kiasi cha chini kabisa na kiasi cha asili, na dirisha jipya linafunguka kwa kile cha asili. Kwenye toleo la 3 watu walikuwa wakiita `resize(1, 1)` ili dirisha lirudi kwenye kiasi cha chini. Toleo la 4 limeiondoa amri hiyo. Tumia `set_default_size(-1, -1)`.

Na wewe unayeandika moja kwa moja kwa amri za Windows kwa C: ukubwa unaompa `CreateWindow` ni wa dirisha zima, pamoja na ukanda wa jina na kingo. Ukitaka ndani pabaki 400 kwa 300, pitisha kwanza kwa `AdjustWindowRectEx`. Nayo haijui menyu ikivunjika mistari miwili.

Nimeliuliza dirisha upana wake, limenijibu 1. Linanitania?

Umeuliza mapema. Kwenye Tk, `winfo_width()` inatoa ukubwa ambao dirisha limeshapewa, na kabla ya kupangwa halijapewa kitu, kwa hiyo linasema 1. Ita `update_idletasks()` kwanza, ndipo uulize. Ipo pia `winfo_reqwidth()`, ambayo ni ombi na siyo kilichotolewa. Ukikumbuka ile safari ya kupanda na kushuka, utaona amri hizi mbili zinauliza vituo viwili tofauti.

Dirisha lilikuwa linajirekebisha vizuri. Nimeongeza mstari mpya halikui tena. Kwa nini?

Mtu amelishika. Ama wewe kwa kuandika ukubwa mahali, ama mtumiaji kwa kuivuta kona kwa mausi. Maktaba nyingi zinachukulia hivi: mwenye nyumba akishasema anataka ukubwa huu, mimi nanyamaza. WPF, kwa mfano, mtumiaji akilivuta dirisha tu, `SizeToContent` inarudi `Manual` bila kukuaga. Tk nayo inaacha kufuata kilichomo.

Kwenye Tk unaliachia kwa kulipa ukubwa mtupu: `root.geometry("")`. Alama za nukuu bila kitu ndani. Kwenye WPF unaiandika tena `SizeToContent` kwa msimbo. Swing haikui yenyewe hata kama hakuna aliyeigusa. Kila ukiongeza kitu unaita `pack()` upya, au `revalidate()` kama unataka vitu vijipange ndani ya ukubwa uliopo.

Lakini kabla hujaliachia, jiulize kama ni adabu. Mtu amelipanua dirisha kwa sababu anataka kuona zaidi. Kila akibofya kitufe wewe unalikunja tena. Mimi ningeifuta programu hiyo.

Sentensi moja ndefu imelifanya dirisha lianzie Malindi limalizikie Mkunazini. Nifanyeje?

Lebo isiyovunja mistari huomba upana wa sentensi nzima, na dirisha humpa. Iambie ivunje: Qt ni `setWordWrap(True)`, WPF ni `TextBlock` yenye `TextWrapping="Wrap"`, Tk ni `wraplength` kwa pikseli.

Hapa kuna ugumu wa kweli. Maandishi yanayovunjika hayana ukubwa mmoja. Ukiyapa upana wa 300 yanataka mistari minne, ukiyapa 600 yanataka miwili. Ukiyauliza "mnataka kiasi gani?" nayo yanakuuliza "unatupa upana gani?" Kila mmoja anamngoja mwenzake. Qt na GTK zina njia ya kuliingia jambo hili: urefu hutafutwa baada ya upana kujulikana. Hata hivyo dawa ninayoiamini ni kuushika upana mwenyewe na kuuacha urefu ufuate. Kwa ujumbe wa onyo au maelezo, chagua upana unaosomeka bila ya kuzungusha shingo, halafu acha maandishi yashuke. Hii ni namba moja ambayo sioni aibu kuiandika, ila naiandika kwa kipimo cha herufi za fonti kila maktaba inaponiruhusu.

Kwenye Tk usijaribu ujanja wa kubadilisha `wraplength` kila dirisha linapobadilika upana huku dirisha lenyewe linafuata lebo. Nimeshaona dirisha likitetemeka kama limeshikwa na homa.

Nina jedwali la mistari mia tatu. Nalo lifuate kilichomo?

Hapana. Fomu inakunjwa kwa kilichomo. Orodha inapewa nafasi, ikizidi inaskroliwa.

Ukiweka `ListBox` ndani ya dirisha la WPF lenye `SizeToContent`, orodha inaomba urefu wote inaoweza kupewa, nayo haijali ukanda wa chini unaanzia wapi. Dirisha linarefuka nayo, na linaweza kutoka nje ya kioo.

Nyumba za mawe za hapa mjini vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Tajiri aliweza kurefusha chumba atakavyo, lakini upana uliishia pale boriti ilipoishia. Kioo cha mtumiaji ndiyo boriti yako. Kwenye WPF weka `MaxHeight` sawa na `SystemParameters.WorkArea.Height`, ambayo tayari imeshatoa ukanda wa chini, na imeshahesabiwa kwa kipimo kilekile cha WPF. GTK, `ScrolledWindow` ina `set_propagate_natural_height` pamoja na `set_max_content_height`: orodha ya mistari mitano inakaa mitano, ya mia tatu inaishia pale uliposema. Jozi hii naipenda kuliko zote nilizozitaja.

Tk ina mtego wake: `Canvas` haifuati vilivyochorwa ndani yake. Unauliza `bbox("all")`, unapata namba nne za kingo zake, na ukubwa unauweka mwenyewe.

Fomu ilikaa vizuri kwa Kiingereza. Nimeitafsiri, kila kitu kimebana.

Maneno yetu mengi ni marefu. Save ina herufi nne, Hifadhi ina saba. Print tano, Chapisha nane. Yapo yanayopungua, Futa kwa Delete ni mojawapo, lakini usiyategemee. Aliyepima kitufe kwa neno la Kiingereza amekishonea kanzu mtu mwengine. Kitufe kiachiwe kijipime.

Majina ya watu nayo. Kwetu mtu huandikwa majina matatu: lake, la baba, la babu. Mwanakhamis peke yake ni herufi 11, na Abdulrahman ni 11. Kisanduku cha kawaida cha Tk kina upana wa herufi 20. Jina la kwanza na la pili tu vimeshakijaza. Kisanduku hakikatai kuandikwa zaidi, kinaskroli ndani, lakini karani anayehakiki orodha ya malipo hatoona jina la babu, na katika shehia moja wenye jina moja na baba wa jina moja wanaweza kuwa watatu. Mimi naweka 40.

Kama programu ni ya madrasa na ina Kiarabu, jihadhari na urefu pia. Maandishi yenye irabu zake juu na chini yanataka mstari mrefu zaidi kuliko wetu, na kisanduku kilichopimwa kwa herufi za Kilatini hukata kasra, ile irabu ya chini. Usiweke urefu wa kisanduku kwa namba. Mwelekeo wa kulia kwenda kushoto Qt inaugeuza wenyewe kwa `setLayoutDirection`, mradi umepanga kwa mpango na siyo kwa namba za pembeni.

Nimruhusu mtumiaji kulivuta dirisha?

Kama ndani kuna orodha au maandishi marefu, ndiyo, ila weka kiasi cha chini: Tk ni `minsize`, na namba zake uzichukue kwenye `winfo_reqwidth()` na `winfo_reqheight()` baada ya kupanga na kuita `update_idletasks()`. Kama ni kidirisha cha "Una uhakika unataka kufuta?", kizuie kisivutwe. Qt ina `setSizeConstraint` yenye thamani ya `SetFixedSize`: dirisha linafuata kilichomo siku zote na mtumiaji hawezi kulivuta. Kwa vidirisha vidogo hii inatosha.

Dirisha langu halikai katikati, linaelemea kulia na chini.

Umeliweka katikati kabla ya kulipima. Swing: `pack()` kwanza, `setLocationRelativeTo(null)` baadaye. Ukigeuza, kinachokaa katikati ni kona ya juu kushoto. Na ikiwa mtumiaji yuko Linux yenye Wayland, mfumo unaoonyesha madirisha, usihangaike. Programu hairuhusiwi kuchagua mahali pa dirisha lake.

Kuna haja ya kukumbuka ukubwa alioacha mtumiaji jana?

Kwa dirisha kuu ndiyo, kwa vidirisha hapana. Ukiukumbuka, ulinganishe na kioo cha leo kabla ya kuutumia. Huenda jana alikuwa ofisini Chake Chake na skrini ya pili, leo yuko nyumbani na laptopu tupu, na dirisha litafunguka mahali ambapo hapapo tena.

Mambo ya DPI (pikseli kwa kila inchi ya kioo) sijayaelewa. Nikiyaacha kuna shida?

Ukiyaacha kabisa, Windows itaipiga picha programu yako na kuikuza, na maandishi yatakuwa na ukungu. Inasomeka. Hatari iko kwa anayefanya nusu: ameiambia Windows kwamba programu yake inajua DPI, fonti zake zikakua kwa sababu zimeandikwa kwa pointi, kipimo cha fonti, lakini ukubwa wa dirisha ameuacha kwa pikseli. Maneno yamekua, nyumba imebaki ileile. Dirisha linalofuata kilichomo halina mkasa huu, kwa sababu lebo zikikua, ombi nalo linakua. Tangu Windows 8.1 kila skrini inaweza kuwa na ukuzaji wake, kwa hiyo dirisha moja linaweza kutakiwa kujipima upya kwa kuburutwa tu kutoka kioo kimoja kwenda cha pili.

Nijaribu vipi kabla ya kumpelekea mteja?

Weka ukuzaji wa Windows asilimia 125 na kioo 1366 kwa 768. Ondoka kwenye akaunti, uingie tena, ufungue programu. Kisha jaza kila kisanduku kwa jina refu kuliko yote unayoyajua ukooni kwenu. Kisha ifungue ikiwa tupu kabisa, bila mstari hata mmoja, maana dirisha lisilo na kitu ndilo la kwanza mteja atakaloliona. Kisha mpe mtu asiyeijua, ukae kimya, umwangalie anavyotafuta kitufe.

Programu ya mzee wa Wete niliirekebisha kwa kufuta `Height="640"` na kuweka `SizeToContent` pamoja na `MaxHeight`. Dakika tano. Kumfikishia ndiko kulikochukua siku mbili, boti ya kwenda na ya kurudi, kwa sababu faili alitaka nimwekee mwenyewe, na kitufe alitaka akione mbele yangu. Alikibofya mara tatu.